Karamu Mbili, Moja Ikikauka

Nyendo, Masaka
2 Juni 2002

Mama Exaucée mpendwa,

Salaam nyingi kutoka huku kwa mama yangu. Wazima wote? Charahani inakwenda?

Najua umenikasirikia. Mwarimu anaondoka katikati ya muhula bila kuaga, hata kwa mwanafunzi wake bora, huo si ungwana. Nisamehe, nnyabo. Ni mambo ya nyumbani, yalinijia ghafla, na nitakaa huku mpaka mwezi wa nane. Usiniulize zaidi.

Ninachotaka kusema ni kwamba shindano la hesabu liko palepale, Jumamosi tarehe 20 Julai, kwenye ukumbi ule wa Bugolobi niliokuonyesha. Watoto watatu wa kwanza watasomeshwa bure sekondari, bweni, mpaka wamalize. Exaucée nilimwandikisha kwa mkono wangu na sitamwacha njiani. Zile jioni tulizokuwa tukibaki darasani kupambana na maswari magumu, sasa tutazifanya kwa barua. Shemeji yangu Abudu anaendesha teksi ya Masaka na Kampala. Ataziacha barua saluni kwa Marie-Louise, hapo hapo Makindye kwenu, na majibu yenu atayachukua.

Kiswahili changu ni cha kambi ya polisi, ndiko nilikokulia, basi kivumilie. Kifaransa chako siambulii kitu, na Kiganda changu wewe hukitaki.

Swari la kwanza. Tangi lina lita 1,200. Bomba la kwanza likifunguliwa peke yake, linalijaza kwa saa tatu. La pili peke yake, kwa saa sita. Yakifunguliwa yote mawili, tangi litajaa kwa muda gani? Asitoe jibu tupu, aeleze alivyofikiri.

Wako,
Mwarimu Safinah


Makindye
6 Juni 2002

Mama Mwalimu,

Aksanti. Aksanti tena. Nilipoiona barua yako nilikaa chini palepale saluni, Marie-Louise akadhani nimeletewa habari ya msiba. Shuleni wanasema umepata kazi kwenye shule ya matajiri. Wengine wanasema umechoka na watoto wa wakimbizi. Leo jioni nitapita nyumba kwa nyumba na hii barua mkononi, waone.

Hali yetu unaijua. Marehemu mume wangu, Kakule, alikuwa mwalimu kule Butembo, na hesabu zote alizo nazo huyu mtoto alizianza magotini kwa baba yake. Tangu tuingie Kampala nashona usiku na mchana, lakini sekondari inanishinda. Exaucée asiposhika nafasi hiyo, mwakani atakaa kando yangu apindishe pindo za sketi za watu. Nimeshamtayarishia na kigoda, moyo ukiniuma. Nakwambia hivi ili ujue ninakushukuru kiasi gani.

Anakucheka unavyoandika "mwarimu" na "maswari". Nimemkemea. Nimemwambia mtu anayekutumia hesabu kutoka Masaka, hata akiandika kwa mguu wa kushoto, unasema aksanti. Yeye mwenyewe anaongeza hapa chini.

Pélagie

Mwalimu, jambo sana! Tangi lako limenichekesha. Baba alinifundisha kwamba mkato ni wa desimali, kwa hiyo 1,200 ni lita moja na ushee. Hilo ni kopo! Mabomba mawili yanajaza kopo kwa masaa mazima, yana ugonjwa gani? Halafu nikaona haidhuru. Kwa saa moja, bomba la kwanza linajaza theluthi, la pili sehemu moja ya sita, ukijumlisha ni nusu. Basi ni saa mbili, liwe tangi liwe kopo.
Exaucée


Nyendo
10 Juni 2002

Wapendwa wangu wawili,

Nimecheka mpaka mama akakimbia kutoka jikoni, akanishika mabega, akaniamuru nitulie kama mtoto mdogo. Kopo! Exaucée, hapa Uganda mkato unatenga maelfu, na desimali tunaiwekea nukta. Siku ya shindano tumia ya hapa. Ya baba yako si kosa, ni ya kwenu, iweke vizuri. Lakini umeona kilichonifurahisha? Umegundua mwenyewe kwamba ukubwa wa tangi hauna kazi katika swari. Wako watoto wakubwa kuliko wewe wanaozama ndani ya hizo lita na hawatoki.

Sasa chukua hili. Kichwa cha samaki kina sentimita 8. Mkia ni sawa na kichwa ukijumlisha na nusu ya kiwiliwili. Kiwiliwili ni sawa na kichwa ukijumlisha na mkia. Samaki mzima ana urefu gani?

Mama Exaucée, asante kwa kunitetea huko. Yalinifikia mambo wanayosema. Waache waseme.

Mwarimu Safinah


Makindye
17 Juni 2002

Mama Mwalimu,

Huyo samaki wako ametutesa wiki nzima. Exaucée alimmaliza siku ya kwanza: kiwiliwili 32, mkia 24, wote 64. Ila mimi ndiye niliyekataa. Samaki gani ana mkia mara tatu ya kichwa? Jumamosi nilikwenda soko la samaki la Ggaba kununua mukene, dagaa wa hapa, nikachukua na utepe wangu wa kushonea, nikaanza kupima mikia ya sangara mezani kwa watu. Wachuuzi walidhani nimerukwa na akili. Mmoja akaniuliza kama nataka kumshonea samaki gauni.

Hayupo, Mwalimu. Nimepima mpaka wakanifukuza. Exaucée anasema samaki wa hesabu hauzwi Ggaba. Baba yake angesema vilevile, na kwa sauti ileile. Nilicheka, halafu nikalia kidogo, halafu nikakaanga mukene.

Mwandiko wako unapanda mlima siku hizi. Unaandikia wapi, kitandani?

Pélagie


Nyendo
24 Juni 2002

Mama Exaucée mpendwa,

Samaki gauni! Nimemsomea mama yangu, naye amecheka mpaka kikohozi kikamshika. Mwandiko usikusumbue, meza ya huku imepinda mguu.

Swari la wiki hii ni gumu kweli. Ukizidisha 7 kwa 7, tena kwa 7, uendelee hivyo mpaka saba ziwe 2002, jibu litakuwa na tarakimu ya mwisho gani? Asijaribu kuzidisha zote, atazeeka. Atafute mwendo wake.

Sasa mambo ya siku yenyewe. Afike mapema, avae sare ya shule. Na karamu! Tafadhali sana, karamu! Mwaka jana mtoto wangu mmoja alifika bila karamu, wakamzuia mlangoni, akalia, bambi, maskini, mpaka na mimi nikalia. Mtafutie karamu mbili, moja ikikauka awe na ya pili.

Mwarimu Safinah


Makindye
1 Julai 2002

Mama Mwalimu,

Habari ya karamu imenifika. Nimeisoma mara mbili, nikampa na Marie-Louise asome. Usiwe na wasiwasi, zitapatikana zote mbili, hata kwa taabu. Niulize moja tu: ziwe za namna gani? Za kwetu Kongo zitakubaliwa, au lazima ziwe za hapa? Sitaki mtoto azuiwe mlangoni kwa ajili yangu.

Pélagie

Mwalimu, ni 9! Nilizidisha kidogo nikaona mwisho unazunguka: 7, 9, 3, 1, halafu tena 7, 9, 3, 1. Ni sauti nne kama kwaya yetu. Nikazipa majina: 7 ni soprano, 9 ni alto, 3 ni tenori, 1 ni besi. Ukigawa 2002 kwa 4 zinabaki 2, kwa hiyo anayefunga wimbo ni alto. Mimi mwenyewe ni alto!
Exaucée


Nyendo
8 Julai 2002

Exaucée, mtoto wa watu, kwaya! Nimefundisha swari hilo miaka yote na sikuwahi kusikia likiimbwa. Nimekaa nalo hapa naliimba kimoyomoyo. Asante. Huku siku ni ndefu mno na hujui ulichonipa.

Mama Exaucée, karamu za Kongo, za Uganda, za Kichina, hakuna atakayeuliza. Hata za rahisi. Wasimamizi hupenda zaidi nyeusi. La muhimu zisivuje! Zikivuja zinaharibu karatasi na sare, na mtoto anapoteza muda kujifuta.

Nakutumia maswari kumi ya mwisho. Afanye mawili kila siku, siku ya mwisho alale.

Mwarimu Safinah


Makindye
15 Julai 2002

Mama Mwalimu,

Kila kitu tayari. Karamu mbili, nyeusi, hazivuji. Nimezipataje, hiyo ni siri yangu na usiniulize, kama mimi nisivyokuuliza mambo ya nyumbani. Marie-Louise amesaidia, na Alal pia, yule jirani yetu Mwacholi, mke wa mwanajeshi. Nilipowaambia mtoto anazuiwa mlangoni, hakuna aliyerudi nyuma.

Maswali kumi amefanya tisa. La kumi bado analiwazia.

Utuombee kwa njia yako, sisi tunaomba kwa yetu.

Pélagie


Makindye
21 Julai 2002

Mama Mwalimu wangu,

Keti vizuri. Umeketi?

Jana alfajiri tulitoka Makindye wanawake watatu na mtoto mmoja. Marie-Louise kabeba sufuria ya sombe, yale majani yetu ya muhogo, nimeikausha kwenye moto mpaka haina tone la mchuzi, kwa sababu ulisema zisivuje. Alal kabeba wali na simsim, ule ufuta wa kusaga wa kwao. Mimi nimebeba samaki wa moshi, weusi tititi, kwa sababu wasimamizi wanapenda nyeusi. Hiyo ni karamu ya kwanza. Ya pili, ile ya akiba kama ya kwanza ikikauka, ilikuwa maharage, ndizi na kuku wawili, ndani ya beseni, tumefunga kwa kitambaa. Exaucée nyuma yetu na sahani kichwani.

Pale langoni kuna polisi, Komakech jina lake. Anatutazama. Anazitazama sufuria. Anauliza, "Mama, harusi ya nani?"

Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba mtoto amekuja kwenye shindano na hizi ndizo karamu zake mbili, ruhusa apite. Akasema chakula hakiingii ukumbini. Mwalimu, nilipandwa na hasira! Nikatoa barua yako kifuani nikamwambia asome mwenyewe, bila karamu mtoto anazuiwa, na sasa nimeleta karamu bado anazuiwa, mnataka nini kwetu? Akasoma. Akasoma tena akitikisa midomo. Halafu akaegemea lango lake akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akachomoa peni mfukoni, akainyanyua juu: "Kalamu, mama! Kalamu! Hii!"

Eh, Yezu.

Sikiliza na wewe unielewe. "Mwarimu" si neno, kwa hiyo nikiliona naligeuza mwenyewe. "Swari" nalo si neno, naligeuza. Lakini karamu ni neno kamili, kanisani tunaliimba! Ningeligeuza kwa nini? Na kwetu kitu hicho cha kuandikia tunakiita biki. Sijawahi katika maisha yangu kumtuma mtoto kalamu.

Exaucée alikuwa na biki yake moja ya shuleni. Komakech akamwambia kimbia. Akakimbia. Sisi tukabaki nje na sufuria zetu, nikiona aibu mpaka kwenye kucha.

Sasa kilichotokea ndani namwachia mwenyewe.

Mwalimu, jambo sana. Maswali yalikuwa kumi na mawili. La tisa lilikuwa saba zetu! Ila walitumia 3, na mara 2002 vilevile. Mwendo ni 3, 9, 7, 1, zinabaki mbili, ni alto tena. Nilitaka kupiga kelele. Nikaandika "tarakimu ya mwisho ni", na biki ikakauka. Nikaitikisa, nikaipumulia, nikaipiga mkononi. Imekufa. Kalamu ya pili ilikuwa nje imelala juu ya maharage! Nikaanza kulia, Mwalimu, nisikufiche. Nilikuwa nakiona kile kigoda. Msichana wa meza ya pembeni akanitazama, akainua mkono, akamwomba msimamizi ruhusa, akanipa ya kwake ya akiba. Hatujuani. Anaitwa Akeyo. Nikamaliza yote kumi na mawili. Katika la nne niliweka mkato wa baba, nikaukumbuka, nikaufuta, nikaweka nukta.
Exaucée

Ni mimi tena. Walichelewa kutoka, mchana umeshaenda, na wale watoto hawakuwa wameandaliwa hata maji. Wakaanza kusimama karibu na sufuria zetu, si kuomba, wanasimama tu. Nikamwangalia Alal, Alal akaniangalia. Tukafungua. Mwalimu, walikula! Wakala sombe watoto ambao hawajui sombe ni nini. Akeyo nilimpakulia kwa mkono wangu mpaka akasema basi mama, basi. Wasimamizi nao wakaja, na samaki weusi ndio waliowahi kuisha, kwa hiyo hilo hukukosea. Komakech alikula mara mbili, anasema anaonja kama zinavuja.

Majibu ya shindano ni wiki ijayo. Lolote litakalotoka, Mama Mwalimu, aksanti. Miaka miwili nimekaa Kampala nikila chakula changu nimefunga mlango. Jana nimelisha watu barabarani, wakaniita mama. Wewe ndiye uliyeniita kwenye hiyo karamu, hata kama hukuniita.

Pélagie


Makindye
30 Julai 2002

Mama Mwalimu,

Mbona kimya? Abudu haji, saluni hakuna barua. Umekasirika kwa sababu ya sufuria? Nimekuaibisha?

WA TATU. Amekuwa wa tatu, Mwalimu! Wametuma mtu mpaka nyumbani. Akeyo ni wa kwanza. Nimelia, nimecheza, nimempa Alal kile kigoda akafanye kuni. Lakini furaha hii hainikai mwilini mpaka nisikie sauti yako. Tafadhali andika, hata neno moja, hata kwa mguu wa kushoto.

Pélagie


Nyendo
11 Agosti 2002

Dada yangu Pélagie,

Leo sikuiti Mama Exaucée, nakuita dada. Hujaniaibisha. Hata siku moja.

Siku ile ulipokuwa unaandika kuhusu sufuria, mimi nilikuwa hospitali ya huku Masaka. Sasa nakwambia mambo ya nyumbani. Nilikuwa na mimba, na kabla ya hiyo zimenitoka mbili. Daktari alisema safari hii nikae kitandani mpaka mwisho, nisiinue hata jagi la maji. Meza haikuwa na mguu uliopinda. Barua zote nilikuandikia nimelala chali, karatasi iko juu ya tumbo, na mtoto akipiga teke mstari unapanda. Sikukwambia kwa sababu niliogopa. Mimba nikiitaja, naona kama itanisikia iondoke.

Mtoto amefika tarehe 22 Julai, msichana, mzima, ana sauti ya kuuza sokoni. Barua zako mbili Abudu aliniletea wodini pamoja. Nilisoma ile ya langoni, nikacheka, na huku nimeshonwa, Pélagie! Nesi akataka kuninyang'anya barua. Kisha nikafungua ile ya wa tatu, na hapo nikalia hata yeye akaniacha.

Ngoja nikueleze hiyo r. Chuo cha ualimu niliandika "balua" ubaoni, darasa zima likanicheka, mpaka na mkufunzi. Sisi Waganda r na l zinatuchanganya ulimini. Tangu siku hiyo, nikiwa na shaka naweka r, niwe upande wa salama. Kumbe upande wa salama ndio uliokupikisha wewe sufuria zote zile!

Sasa la moyoni. Abudu hajui kutunza siri, na Marie-Louise ndiyo kabisa. Wameniambia kuku na samaki walitokana na kile kitenge chako cha harusi, alichokununulia Kakule, ulichotoka nacho Butembo mwilini. Umekiuza kwa sababu mimi sijui kuandika neno moja. Nimelala na hilo wiki nzima na halijatoka. Sina cha kukurudishia. Ninachoweza kukwambia ni kwamba nilikuwa kitandani miezi miwili nikiogopa kila kukicha, na kilichoniinua ni kusubiri Abudu alete tangi lililogeuka kopo, mikia ya Ggaba, na alto. Nilidhani mimi ndiye ninayemshikilia mtoto wako. Mlinishikilia ninyi.

Mwanangu anaitwa Safiya. Mama yangu hataki kulisikia hilo jina. Tangu alipoelezwa kisa chako anamwita Karamu, na mtaa mzima umefuata.

Mwalimu Safinah
(Nimeiangalia mara nne. Ni l.)


Makindye
2 Februari 2003

Mwalimu wangu mpendwa,

Jambo sana, na jambo kwa Karamu. Kesho naenda bweni. Akeyo yuko shule hiyohiyo, tumeomba kitanda kimoja cha juu na chini.

Mama anasema kitenge usikitaje tena. Anasema kingebaki sandukuni kingeliwa na panya, sasa kimeliwa na watoto, na Baba angechagua watoto. Alisema hivyo bila kulia, kwa hiyo naamini ni kweli. Gauni la Karamu lililomo humu kwenye kifurushi ameshona yeye. Mimi nimepindisha pindo, mara ya kwanza na ya mwisho, ndiyo maana upande mmoja umepanda mlima kama mwandiko wako.

Kila nikiandika nukta ya desimali nakukumbuka wewe, na kila nikiandika mkato namkumbuka Baba. Mnakaa pamoja vizuri kwenye daftari langu. Asante, Mwalimu. Natafuta neno kubwa kuliko hilo na silipati katika lugha zangu zote tatu.

Shule imetuambia vitu vya kuja navyo: shuka, ndoo, blanketi, kalamu kumi. Mama ameniuliza mara tatu kama nina hakika ni l. Nimemwambia ni l, Mama, nimesoma mwenyewe, ni l.

Hata hivyo amepika.

Mwanafunzi wako,
Exaucée